Kutishana ili tuchangie wagonjwa, ni sawa? Jibu kwa admini wa grupu la mashabiki wa muvi za kutisha

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Mi ni admini wa grupu la mashabiki wa muvi na hadithi za kutisha. Mwaka 2020 tulivyoambiwa tusikusanyike tulihamia mtandaoni, tukawa tunaangalia muvi kila mtu kwake, wengine wakaanza kuandika na kuchora, na siku moja tukachanga tukapeleka hospitali ya watoto. Sa hivi tunataka tuwe na mpango kabisa, ili siku tukilazimika tena kukaa mbalimbali tuwe tayari, yaani kitabu cha hadithi zetu, usiku wa kusoma laivu, na mchango. Wenzangu wengine wanasema ni kukosa utu kucheza na hofu wakati watu wanaumwa kweli. Na mi mwenyewe mambo ya hela yananiogopesha. Unatushauri nini?"

Ndugu yangu admini, naanza na hilo la utu. Mambo ya hela ni utaratibu tu, ukiufuata yanaenda, ila hili la utu lisipozungumzwa vizuri grupu linagawanyika na mpango unafia hapo hapo. Jibu langu ni kwamba kutishana kwa ajili ya kuchangia wagonjwa ni sawa kabisa, nasema hivo bila kusita, isipokuwa kuna aina ya kutisha ambayo kipindi kama hicho mnaiweka pembeni, na nadhani wenzako wanaolalamika wanaiona hiyo ndo maana roho zao zinakataa. Kwa hiyo msiwanyamazishe, wana hoja.

Aprili 2020, wakati nchi nyingi watu wako ndani, mtafiti anaitwa Coltan Scrivner na wenzake watatu, mmoja wao Mathias Clasen wa Chuo Kikuu cha Aarhus kule Denmark, waliwauliza watu 310 wanapenda muvi za aina gani na wanaendeleaje kimoyo katika janga lile. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2021. Mashabiki wa muvi za kutisha walionekana kuwa na msongo mdogo kuliko wengine, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia na haiba ya mtu, na wale wanaopenda muvi za mazombi, za mwisho wa dunia na za viumbe kutoka anga za mbali, hao pamoja na utulivu walikuwa pia wamejiandaa zaidi kwa janga lenyewe. Utafiti huu hauthibitishi kwamba muvi ndo imempa mtu moyo mgumu, inawezekana mwenye moyo mgumu ndo anapenda muvi hizo, ila unatosha kabisa kujibu ile kauli ya kwamba mashabiki wa kutisha ni watu wasiojali au wana matatizo. Pengine wengi wao walikuwa wanafanya mazoezi ya hofu miaka yote bila kujua.

Maana fikiria hofu ya kujitakia ikoje. Una rimoti mkononi, unajua inaanza saa ngapi inaisha saa ngapi, ukizidiwa unawasha taa au unasitisha unaenda kunywa maji, na mwisho wa yote unabaki umekaa pale pale salama. Hofu ya ugonjwa ulioko nje haina hata kimoja katika hivyo, haina saa ya kuisha, haina mtu wa kumlaumu, na inakukuta peke yako saa tisa usiku unasoma taarifa kwenye simu. Kwa hiyo mtu anayetafuta kuogopa kwa muda na wenzake wakati kama huo hakosi utu hata kidogo, anatafuta hofu yenye mlango wa kutokea. Mapema mwaka 2020 watu kibao walirudi kuitafuta muvi ya Contagion ya mwaka 2011, inayohusu virusi vinavyozunguka dunia nzima, na wengi walishangaa kwa nini mtu aangalie hiyo kipindi hicho. Sababu ni hiyo hiyo, kwenye muvi kuna mwisho.

Sa mpaka uko wapi? Mi nauweka kwenye umbali. Zombi, jini, nyumba yenye mlango usiofunguliwa, mtu anayesikia hatua juu ya dari na anaishi peke yake, hayo yote ruksa. Wodi, mashine ya kupumulia, mgonjwa anayekufa bila ndugu yake kuruhusiwa kuingia, mazishi ya watu wachache, hayo mnayaacha kabisa kipindi hicho, maana ndani ya grupu lenu kuna mtu hiyo si hadithi kwake, ni wiki iliyopita. Na kama mchango unaenda hospitali basi zidisheni, hadithi yenye daktari muuaji inaweza kuwa nzuri sana ila msiisome usiku huo, isubiri mwakani. Kabla ya kila hadithi msomaji aseme kwa sentensi moja kuna nini ndani, kama kuna mtoto anaumizwa, kama kuna damu nyingi, kama kuna kujidhuru, na aseme kawaida tu bila kuwafanya watu wajione waoga wakiondoka. Kuna watu wanadhani onyo linaharibu utamu. Mi nimesimamia laivu za namna hii na naona kinyume chake, mtu akishajua kitakachokuja hakigusi majeraha yake anajiachia na anaogopa vizuri zaidi.

Hapo hapo kwenye usiku wa laivu nataka nikae kidogo, maana watu wengi wanakosea muda wa kuomba hela. Wanaomba mwanzo, wakati watu bado wanaingia na kutafuta hedifoni, au wanaomba katikati hofu ikiwa imepanda, ambapo kila mtu ameganda na mkono uko mdomoni. Angalia kinachotokea kwenye chati. Msomaji anasoma taratibu, maiki zote zimefungwa, chati imekufa kabisa, hakuna anayeandika hata herufi, hapo ujue wako ndani. Halafu inakuja ile sentensi, kimya kama sekunde mbili, afu chati inalipuka, watu wanapiga herufi kubwa, mmoja anasema ameangusha simu, mwingine anasema mbwa wake amebweka, wanacheka, wanatajana majina. Dakika zinazofuata baada ya hapo ndo zenu. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza zamani kwamba msisimko wa mwili hauishi pale chanzo chake kinapoisha, mapigo bado yako juu, na ule moto uliobaki unaingia kwenye hisia inayofuata na kuifanya kubwa zaidi. Hisia inayofuata hapo ni kicheko na nafuu, na kwenye nafuu mkono wa mtu uko wazi. Kwa hiyo msomaji akimaliza, waacheni wacheke kwanza, afu mwenyeji aseme kwa utulivu hela inaenda wapi, linki iwekwe, hadithi inayofuata ianze. Isizidi dakika tatu. Na usiombe baada ya kila hadithi, watu watachoka, mara mbili kwa usiku zinatosha.

Na utakachosema kiwe kidogo. Kuna utafiti wa mwaka 2007 wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, washiriki walipewa dola 5 wakaambiwa wanaweza kutoa sehemu yake kwa shirika la misaada. Walioelezwa habari ya mtoto mmoja walitoa wastani wa dola 2.38, walioelezwa takwimu za mamilioni wanaokabiliwa na njaa walitoa 1.14, na waliopewa vyote viwili, mtoto pamoja na takwimu, walitoa 1.43. Yaani takwimu zilimpunguzia mtoto yule huruma ya watu. Sisi watu wa hadithi za kutisha tunalijua hili kwa mikono, hakuna anayeogopa mji mzima ukifa, anaogopa mtu mmoja aliyesimama kwenye korido na taa inazimika. Ila hapa kuwa makini sana, sikuambii uchukue picha ya mtoto mgonjwa uibandike kwenye laivu ya mazombi, hilo hapana, hata hospitali ikiruhusu mi nisingefanya. Tumieni kitu badala ya mtu. Waulizeni hospitali wanahitaji kitu gani kimoja ambacho hela ndogo inaweza kununua, wakitaja kwa mfano blanketi au kifaa fulani cha wodi ya watoto, basi usiku mzima mnazungumzia hicho kimoja tu, kazi yake, nani anakitumia, vimepatikana vingapi mpaka sasa.

Ubunifu nao. Umesema kipindi kile watu wakaanza kuandika na kuchora, na mi sioni ajabu, maana hakuna aina ya hadithi inayopenda kufungiwa ndani kama ya kutisha. Mapenzi yanahitaji watu wakutane, vichekesho vinahitaji watu wagongane, ila kutisha kunahitaji mtu mmoja, chumba kimoja, na kitu ambacho hakionekani vizuri. Ile hadithi ya Frankenstein, Mary Shelley aliianza kiangazi cha mwaka 1816 karibu na ziwa Geneva, mvua na baridi vimewafungia ndani kwa sababu volkano ya Tambora iliyolipuka mwaka uliotangulia ilikuwa imeharibu hali ya hewa ya dunia, na mshairi Lord Byron akawaambia wageni wake kila mtu aandike hadithi ya mizimu. Ikumbuke hiyo ukiwa unapanga, maana kilichofanya kazi pale ni changamoto ndogo yenye watu wachache wanaosubiriana. Ukiwaambia watu mia mbili "tuandike hadithi" hawaandiki. Ukiwagawa vikundi vya watano na kuwaambia Ijumaa saa tatu usiku mnasomeana, wanaandika.

Mfano wa karibu zaidi ni muvi ya Host ya mwaka 2020, ya Rob Savage, na huu nautaja kwa urefu kwa sababu kuna mambo mnaweza kuyachukua kama yalivyo. Ilianza na utani, Savage akiwa kwenye simu ya video na marafiki zake akajifanya anasikia kelele darini, akapanda kuangalia na kamera mkononi, afu akawachomekea kipande cha muvi ya zamani ya kutisha, wenzake wakapiga mayowe. Ile video ikasambaa na kutoka hapo wakatengeneza muvi nzima kwa wiki kama 12, ikatoka mwishoni mwa Julai kwenye Shudder, huduma ya kustrimu muvi za kutisha. Waigizaji walikuwa kila mmoja kwake, mwongozaji hayupo chumbani na yeyote kati yao, anaongoza kwa njia ya video, na wao wenyewe ndo wakawa watu wa taa na kamera, hata sehemu ya vitu vya kutisha walivifunga kwa mikono yao nyumbani. Ina dakika 57 tu. Na lile sharti la Zoom kwamba kikao cha bure kinakatika kikifika dakika 40 wakaliingiza kwenye hadithi, muda unakwisha na wewe unaona unakwisha. Kitu ambacho kila mtu alikuwa anakilalamikia kikawa saa ya hofu. Naipenda sana akili hiyo. Kwa hiyo msihangaike kuficha kwamba mko mbalimbali, andikeni hadithi ambazo zinatokea kwa sababu mko mbalimbali, intaneti inayokwama sura ya mtu ikabaki imeganda, mtu wa sita kwenye kikao ambacho mliingia watano, ujumbe wa sauti uliotumwa saa nane usiku na mtu ambaye simu yake imezimwa tangu jana. Na hela msiseme hamna, mwongozaji Oren Peli alipiga muvi ya Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa bajeti inayotajwa kuwa kama dola 15,000, na nyinyi mkitaka sauti tu hamhitaji hata hizo.

Sauti ndo ningewasukuma mwende huko, kwa kweli. Kusoma hadithi kwa sauti kunahitaji simu, na kabati la nguo. Fungua kabati lililojaa, ingiza kichwa na simu katikati ya nguo zinazoning'inia, mwangwi wote unakufa na sauti yako inasikika iko sikioni kwa mtu, hata watangazaji wengi walifanya hivo walipolazimika kufanya kazi nyumbani. Simu iweke upande kidogo, isiwe mbele ya mdomo kabisa, ili zile p na b zisipige. Vishindo vitengenezeni wenyewe, taulo lililolowa ukilikamua karibu na maiki linatoa sauti ambayo sitaki hata kuieleza, glavu za ngozi zikisuguana taratibu ni mabawa, na mlango wenu unaolia ambao mmekuwa mkitaka kuupaka mafuta miaka yote, rekodini kwanza. Mwenye aibu ya kusoma ajirekodi na ichezwe usiku ule, siyo lazima kila mtu awe laivu.

Kuhusu kuangalia muvi pamoja, hapo wengi wanajikwaa. Kustrimu muvi ya mtu mwingine mbele ya hadhira halafu mnachangisha hela ni kuvunja hakimiliki, na kwamba hela inaenda kwa wagonjwa haibadilishi chochote. Njia salama ni kila mtu aifungue kwa akaunti yake mwenyewe na mbonyeze pamoja, ziko programu za kuoanisha kama Teleparty, ambayo mwanzo wa janga ilikuwa inaitwa Netflix Party. Au tumieni muvi ambazo hazina mwenyewe tena. Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968, nchini Marekani ni mali ya umma kwa sababu msambazaji alipobadilisha jina la muvi alisahau kurudisha tangazo la hakimiliki ambalo sheria ya wakati ule ililidai, kosa dogo likaifungua kwa watu wote, ila kwenye nchi yenu angalieni sheria inasemaje. Nosferatu ya 1922 nayo nchi nyingi iko huru, ila chunga, zile kopi zilizosafishwa upya na muziki uliowekwa juu yake vinaweza kuwa na wenyewe. Na mi hapo naona nafasi, maana muvi ile haina sauti, basi grupu lenu litengeneze sauti yake, mwanamuziki mmoja, wasomaji wawili wa maandishi, mtu wa vishindo, mnaicheza laivu, ni kazi yenu. Waambieni tu watu mapema kwamba ndani yake kuna tauni, kuna mtangazaji anapita mitaani kuwasomea watu amri ya kubaki majumbani, kuna milango inawekwa misalaba. Ni ya miaka mia iliyopita na kwa wengi umbali huo unatosha, kwa wengine hautoshi.

Kabla sijaingia kwenye hela, mchango siyo hela peke yake. Mwaka 2020 mabingwa wa kushona mavazi ya wahusika, watu ambao walikuwa wanajiandaa na makongamano yaliyofutwa, walikaa na cherehani zao wakashona barakoa, na kampuni ya Prusa inayotengeneza printa za 3D ilitoa Machi ule mchoro wa bure wa ngao ya uso ambao wenye printa majumbani waliuchapisha kwa wingi. Grupu la kutisha lina watu wa namna hiyo wengi, wa vinyago, wa meikapu ya majeraha, wa mavazi. Ila ulizeni kwanza kinachohitajika na kwa kipimo gani, WHO ilipotoa mwongozo Juni 5, 2020 ilisema barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu, na za tabaka moja zilizoshonwa kwa haraka hazikufikia kipimo hicho.

Haya, hela. Kanuni yangu ni moja na sijawahi kuona sababu ya kuivunja. Hela isipite mfukoni mwa mtu yeyote wa grupu. Isiingie kwenye simu ya admini, wala akaunti ya mweka hazina, wala "nitumieni mi halafu nitapeleka zote pamoja". Hata kama wewe ni mwaminifu kuliko wote, siku akaunti yako ikifungiwa au ukiugua, au mtu mmoja akianza kunong'ona, utashindwa kujitetea, na kipindi cha karantini kila mtu ana muda wa kunong'ona. Kuna mashabiki wa hadithi huko Marekani wanaendesha mnada unaoitwa Fandom Trumps Hate, ulianza baada ya uchaguzi wa 2016, na utaratibu wao ni mzuri mno. Mwandishi au mchoraji anaweka mnadani kazi atakayoifanya, watu wanapandishiana, mshindi anapeleka hela mwenyewe moja kwa moja kwenye shirika lililoko kwenye orodha, anarudi na risiti, msanii anaanza kazi. Waandaaji hawashiki hata senti. Nyinyi fanyeni hivo hivo, mtu anachangia hospitali mwenyewe kwa njia yao rasmi, anatuma picha ya risiti akiwa ameziba namba zake, anapewa kitabu au anachorewa mchoro wake. Kama mna watu wa kustrimu, kuna majukwaa kama Tiltify ambayo yametengenezwa ili mchango uende kwa shirika lenyewe na jumla ionekane kwenye skrini papo hapo. Majukwaa mengine hela inaingia kwa aliyefungua kampeni, hayo someni masharti vizuri kabla.

Na mtindo huu unaenda mbali. Wacheza gemu wa Games Done Quick, watu wanaokimbiza kumaliza gemu kwa haraka, tukio lao la mwaka 2020 walilihamishia mtandaoni kila mtu akiwa kwake, na Aprili walifanya la dharura la siku tatu likapata zaidi ya dola 400,000 kwa ajili ya shirika la misaada la Direct Relief, Agosti wakapata zaidi ya milioni 2.3 kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Nyinyi hamtafika huko, ila chukueni kwao kitu kimoja, mchangiaji anapewa uamuzi. Kwao anaweza kupigania mhusika aitwe nani. Kwenu je? Wachangiaji waamue nani afe. Wahusika wawili, nani afungue mlango, hela ndo kura, msomaji ana miisho miwili mkononi. Au uzeni jina, mwaka 2005 Stephen King aliweka kwenye mnada wa eBay nafasi ya kumpa jina mhusika wa riwaya yake iliyokuwa inakuja, ikafika dola 25,100, zikaenda First Amendment Project, shirika la kutetea uhuru wa kujieleza. Kwenu hata ikifika kidogo, watu wanapenda ajabu kuliwa na zombi kwa majina yao kamili, wekeni tu kwa maandishi kwamba jina ni la mchangiaji mwenyewe au la mtu aliyekubali, msije mkamchinja shemeji wa mtu bila ruhusa.

Kitabu ndo kinachohitaji karatasi. Kila mwandishi asaini makubaliano mafupi, ukurasa mmoja tu, kwamba hadithi ni yake, anaruhusu itumike kwenye kitabu hiki kwa muda fulani, mwaka mmoja unatosha, haki inabaki kwake, na yeye halipwi. Muda ukiisha kitabu kinatolewa sokoni. Msipoweka muda, miaka mitano baadaye mtu anataka kuiuza hadithi yake kwingine hajui amwulize nani. Wahusika wawe wenu. Monsta wa Frankenstein kama alivyo kwenye riwaya ya 1818 yuko huru, ila yule mwenye kichwa bapa na boliti shingoni ni wa muvi ya Universal ya 1931, huyo mwacheni. Na kama kuna mtu anaandika hadithi za wahusika wa muvi zilizopo na anaziweka Archive of Our Own, mkumbushe kwamba pale hawaruhusu kuomba hela wala kuweka linki za kuchangia, hata kwa wema, watazifuta.

Msiogope pia kuungana na wengine. Oktoba 2020 matamasha matano ya muvi za kutisha ya Marekani ambayo kila moja lilikuwa limekwama yaliungana yakafanya tamasha moja mtandaoni, wakaliita Nightstream. Grupu tatu ndogo zenye usiku mmoja mzuri zinapata zaidi ya grupu tatu zinazogombania Jumamosi ile ile.

Hospitali yenyewe waandikieni sasa, msisubiri janga, maana likishaanza hakuna mtu wa kujibu barua zenu. Elezeni wazi kwamba nyinyi ni mashabiki wa hadithi za kutisha, waoneshe bango mnalotaka kutumia, na ombeni ruhusa ya maandishi kutumia jina lao. Wengine watasita wakiona damu, ni haki yao, mnaweza kuwapa bango lenye mlango tu na mwanga chini yake. Msikate tamaa pia, Marekani kuna shirika la Scares That Care ambalo limejengwa na watu wa kutisha tupu, na linasaidia watoto wagonjwa, walioungua moto na wanawake wenye saratani ya matiti, kwa hiyo ni jambo linalowezekana na limeshazoeleka. Wakikubali, waulizeni na njia yao rasmi ya kupokea michango na nani atawathibitishia jumla iliyoingia, jina na cheo, kisha huyo ndo mtamwandikia asubuhi baada ya laivu, na jumla atakayoitaja yeye ndo mtakayoitangaza kwenye grupu, siyo ile mliyoihesabu wenyewe kwenye risiti.